Adapta ya Wi-Fi kwenye nyumba ya mawe: uzoefu wangu na kompyuta ya pili

Ndani ya mwezi mmoja nimenunua adapta mbili za Wi-Fi, vile vidude vya kuchomeka kwenye tundu la USB ili kompyuta ishike mtandao bila waya. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama ukucha wa dole gumba, shilingi 20,000. Ya pili ni Archer T2U Plus ya TP-Link, yenye antena yake ya kusimama, shilingi 55,000. Ninayokuja kuisifu ni hiyo ya pili, ila nusu ya sifa zenyewe ni za waya wa shilingi 5,000 na kidaka cha ukutani, kwa hiyo nivumilieni kwanza niwaeleze nyumba.

Tunakaa Mji Mkongwe, Zanzibar, upande wa Malindi, nyumba ya ghorofa moja yenye ua katikati. Juu ndiko ninakofanyia kazi: laptopu, mafaili ya hesabu za wateja, na ruta ya laini ya 4G iliyokaa dirisha la njiani kwa sababu pale mnara unashika vizuri. Chini kuna ukumbi, chumba cha mavyaa wangu, na chumba cha nyuma ambacho binti yangu amekifanya cha kusomea. Yuko chuo, mwaka wa pili. Tulikuwa tukigombea laptopu moja, yeye ana kazi ya kukabidhi saa sita usiku, mimi nina ritani za watu za kodi. Nikaenda Darajani nikachukua kompyuta ya mezani ya mtumba, 380,000 pamoja na kioo. Mashine nzima, sina neno nayo, ila ilikuwa ya ofisini: nyuma ina tundu la kebo ya mtandao, Wi-Fi haina.

Fundi niliyemwita alisema nipitishe kebo, na kwa haki ya Mungu alikuwa anasema kweli. Kebo ya Cat5e inakwenda mpaka mita 100 bila tatizo, na sisi hata 20 hatufiki. Tatizo lilikuja alipotoa drili. Mavyaa alitoka chumbani na tasbihi mkononi.

“We kijana, unataka kutoboa wapi?”

“Hapa tu, bi mkubwa, kitundu kidogo.”

“Ukuta wa chokaa hauna kitundu kidogo. Ukiuanza, utamwaga mchanga mpaka nife.”

Nimeupima ukuta ule pale mlangoni kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 54. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, saruji hamna, na kweli ukiuchokoa kidole unapata ngumi. Tena nyumba za huku hazitengenezwi kienyeji, kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe inayosimamia, na mji wenyewe umo kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Kuiteremsha kebo uani ingewezekana, lakini ua wetu ni kamba za nguo kutoka pembe hii hadi ile, na kebo ya ndani ikipigwa jua na mvua ya masika haidumu. Fundi akafunga drili yake, akanywa chai, akaondoka. Nikaamua Wi-Fi.

Ile adapta ndogo ilinitoa jasho kabla hata ya kushika mtandao. Draiva yake, ile programu inayoifanya kompyuta iitambue adapta, imo kwenye kijisahani cha CD, na kompyuta haina pa kutia CD. Maelekezo yanasema draiva inapatikana pia intaneti. Intaneti ipi sasa, na ndiyo ninayoitafuta? Ufunguo umefungiwa ndani. Nilizunguka na hilo siku mbili, nikitaka kununua flashi, nikitaka kumpigia fundi. Mwisho binti yangu akachomeka simu yake kwenye kompyuta kwa waya ule ule wa kuchajia, akaenda kwenye mipangilio ya simu akawasha kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta ikaiona simu kama kebo ya mtandao. Dakika kumi draiva imeshuka na imeingia. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi na aliweke kichwani hili, linaokoa sana.

Ikashika mtandao, ndiyo, kwa kijimstari kimoja. Nilipima spidi kwa laptopu juu nikapata Mbps 24 (megabiti kwa sekunde). Chini, kompyuta ile na adapta ile, 0.7. Somo la video lilifunguka, mwalimu akaganda mdomo wazi, akabaki hivyo mpaka binti yangu akazima mwenyewe.

Basi nikanunua T2U Plus. Kwenye boksi imeandikwa AC600, na muuzaji aliniambia ni “megabaiti mia sita”. Si hivyo. Ni jumla ya njia mbili za mawimbi ya Wi-Fi: hadi Mbps 200 kwenye 2.4 GHz na hadi 433 kwenye 5 GHz, na wewe unatumia njia moja kwa wakati mmoja. Tena hiyo ni spidi baina ya adapta na ruta tu. Kama laini yako inatoa 24 kutoka mnarani, boksi liandike elfu, utapata 24 na kushuka. Kinachonunuliwa hapa ni sikio, na antena ya T2U Plus ni ya dBi 5 (kipimo cha nguvu ya antena), unaikunja na kuielekeza utakako. Yule wa ukucha antena yake imo tumboni, hujui hata imeelekea wapi.

Kosa langu la kwanza na hii lilikuwa tamaa ya 5 GHz. Ruta yangu inatoa majina mawili ya mtandao, moja la kila njia, na kila mtu anasema 5 ndiyo mpya, ndiyo kali. Kwenye vyumba vya kuta za matofali membamba sawa. Kwangu mimi, chini hata jina lake halikuonekana. Mawimbi ya 5 GHz yana kasi lakini hayana kifua, ukuta mnene unayameza. Nyumba ya mawe ni 2.4, basi.

Kosa la pili: niliichomeka nyuma ya kompyuta, chini ya meza. Nikapata Mbps 3, na nilikuwa tayari kuirudisha dukani. Halafu nikainama na tochi nikaangalia imekaa wapi. Huku bati la kompyuta, huku sentimita 54 za mawe, na tundu la jirani yake, lile la buluu la USB 3.0, limechomekwa diski ya nje ya binti yangu. Kumbe vifaa vya USB 3.0 vikifanya kazi vinatoa kelele za mawimbi kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, Intel waliandika juu ya jambo hilo tangu 2012. Nimemweka mtu asikilize mnong'ono akiwa amekaa kando ya mashine ya kukoboa mpunga.

Hapo ndipo ulipoingia waya wa shilingi 5,000, waya wa kurefushia USB, mita moja na nusu. Wenye nyumba hizi mnavijua vidaka, yale matundu ya kuwekea taa na vyombo yaliyochongwa ukutani. Kimoja kiko kando ya mlango unaotazama uani. Kikombe cha kalamu kikahama, adapta ikakaa pale, antena imesimama. Juu nako nikaitoa ruta dirisha la njiani nikaipeleka dirisha la uani. Laini ya simu ilipungua kidogo, kutoka 24 mpaka 20 hivi, lakini sasa mawimbi hayana haja ya kupasua dari ya boriti na mawe: yanatoka dirishani, yanashuka uani penye hewa tupu, yanaingia kwa mlango. Programu ya kupimia iliyo kwenye simu yangu ilikuwa inasoma -88 chumbani mle. Pale kidakani ikasoma -63. Namba hizi ni za hasi, ikisogea karibu na sifuri ndiyo nguvu. Kompyuta ikapata Mbps 17, na ndiyo inayopata mpaka leo, mvua isiponyesha sana.

Nikabadilisha na chaneli, yaani kile kipande cha masafa ambacho ruta inatumia. Nyumba za huku zimebanana, simu iliniorodheshea mitandao 14 ya majirani na mingi imerundikana chaneli 6. Kwenye 2.4 GHz zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, kwa hiyo nikaingia kwenye ruta (kwangu ni kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, kwako soma kibandiko cha chini ya ruta) nikaipeleka 11. Faida yake sikuiona sana mchana; usiku watu wakishakuwa majumbani ndiyo niliiona. Nilipokuwa mle mle nikabadilisha nywila iliyotoka nayo kiwandani, na nikazima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila nywila. Watoto wa mtaani kwetu ni werevu kuliko fundi.

Lililoniuma zaidi halimo kwenye boksi lolote. Usiku wa kwanza tulilala kompyuta ikiwa imewashwa. Asubuhi nafungua laptopu nitume hesabu za mteja, bando limekwisha, GB 9 zimekwenda. Nikamtazama binti yangu.

“Mama, wallahi sikutazama kitu!”

Alikuwa mkweli. Windows ilipoona Wi-Fi ilidhani imefika kwa tajiri, ikajishushia masasisho yote iliyoyakosa tangu ilipotoka ofisini kwake. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao ule na kuiambia kwamba unalipiwa kwa kipimo. Sasa masasisho makubwa inaniomba ruhusa, nami nairuhusu usiku kwa bando la usiku. Fanyeni hilo dakika ile ile mnapounganisha, msingoje asubuhi.

Printa ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Imo kwenye laptopu yangu kwa waya. Niliishea, na kompyuta ya chini haikuiona mpaka nilipobadilisha mtandao kwenye mashine zote mbili kutoka wa umma kuwa wa binafsi. Laptopu ikiwa imezimwa binti yangu hachapishi, basi ananipigia kelele kutoka uani niiwashe.

Nyota ningeipa T2U Plus nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya urefu wa antena: mavyaa akipita na kanga inanasa, imeshaanguka mara mbili, haijavunjika. Na umeme ukikatika ruta inazima na kila kitu, ila hilo si la adapta, nitanunua betri ndogo ya volti 12 nikipata nafasi.

Ile ya ukucha ipo kwenye mtoto wa meza, na draiva yake nimeihifadhi. Anayekaa chumba kimoja na ruta anaiona kwa macho itamfaa kabisa, aje, bei tutaelewana.