Kununua jumla kwa kuchanga na majirani: uzoefu wangu Tandale, Kariakoo na Feri

Hapa Dar es Salaam, anayelipa bei kubwa kuliko wote ni yule anayenunua kidogo kidogo. Mafuta ya kupima ya mia tano, sukari robo, kipande cha sabuni kilichokatwa kwenye mche. Pesa inayotoka mkononi inaonekana ndogo, ila unachopewa ni kidogo zaidi. Sisi kaya tano za Magomeni tuliacha kuulizana nani anauza rahisi. Tunaposimama mbele ya bidhaa yoyote tunauliza jambo moja: kilo moja hapa, au lita moja, ni shilingi ngapi? Tukishapata jibu ndipo tunaamua tuchange au tusichange.

Nianze na sukari, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Mtaani kwetu robo ilikuwa 800, maana yake kilo ni 3,200. Kariakoo tulichukua mfuko wa kilo 50 kwa 130,000, sawa na 2,600 kwa kilo. Tofauti ni 600, na kwa mfuko mzima ni 30,000. Toa 5,000 ya bajaji, inabaki 25,000, kila kaya imeokoa 5,000 kwa kilo zake kumi. Kwa kweli, sukari peke yake isingenitoa nyumbani. Faida inaonekana pale safari moja inapobeba sukari, mafuta ya dumu la lita 20, katoni ya sabuni na chumvi pamoja, kwa sababu bajaji inalipwa mara moja tu. Na ukiwa Kariakoo omba risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Nimeona muuzaji akitaka kuuza kwa bei mbili, ya wenye risiti na ya wasio na risiti. Mimi sikubali. Mfuko ukikutwa una kasoro, bila risiti huna pa kuanzia.

Penye pesa hasa ni kwenye mchele, na mchele ni suala la majira. Mavuno ya Mbeya na Morogoro huanza kuingia mjini kuanzia mwezi wa tano na wa sita, na miezi inayofuata ndiyo ya kununua. Mwezi wa pili nilikuwa nalipa 3,000 kwa kilo dukani. Mwezi wa saba, kwenye soko la Tandale, nilipata mchele mzuri kwa 2,000. Gunia la kilo 100 ni tofauti ya laki moja nzima. Kwa kaya yangu inayokula kama kilo 20 kwa mwezi, gunia moja linanivusha miezi mitano. Hakuna punguzo la duka lolote, hata lile la mwisho wa mwaka lenye mabango makubwa, ambalo limewahi kuniokolea kiasi hicho.

Ila Tandale unahitaji macho. Usiridhike na mchele unaomwagiwa juu kwenye sinia. Mwombe muuzaji achome bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, kwenye gunia, juu, katikati na chini kabisa, kisha utandaze kila sampuli kiganjani. Angalia chenga, angalia mawe, nusa. Mchele uliochanganywa utauona hapo: punje ndefu na fupi pamoja, nyingine nyeupe kama chaki na nyingine zinang'aa. Jina la Kyela, wilaya ya Mbeya inayosifika kwa mchele, litatajwa kwenye karibu kila gunia sokoni, kwa hiyo mimi sinunui jina. Nachukua kilo moja kwanza, naupika nyumbani, kesho yake narudi kuchukua gunia kama umenipendeza. Wauzaji wanaojiamini hawakatai. Mmoja aliniambia, "Chukua ukapike dada'angu, utarudi mwenyewe," na kweli nilirudi.

Maharage yana mtego wake. Ya msimu uliopita huuzwa kwa bei ya chini, na mtu mwenye hesabu ya haraka anaona amepata. Lakini maharage ya zamani hayaivi haraka. Yanakaa jikoni nusu siku, yanakula mkaa, na ukipikia gesi ndiyo kabisa. Ile mia tatu uliyookoa kwenye kilo imeungua. Rangi huyasaliti: maharage mapya yanang'aa, ya zamani yamefifia na ngozi yake imekunjamana. Ukiuma punje ukasikia ngumu kama kokoto, liache gunia hilo.

Jambo lingine ni mizani. Katika soko moja, ambalo silitaji, nilipimiwa kilo kumi za maharage ambazo nyumbani zilionekana kilo tisa na kidogo. Tangu hapo naangalia stika ya Wakala wa Vipimo kabla ya kuangalia bei. Mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa kila mwaka na kubandikwa stika, na stika ya mwaka uliopita haikusaidii. Ukiuziwa kwa kisado au debe, tazama kitako. Madebe yaliyobonyezwa ndani yapo. Na muuzaji akijaza kwa kumimina taratibu bila kutikisa, nafasi zinabaki tupu katikati ya punje. Mimi husema tu, "Tikisa kidogo, mjomba," bila ugomvi, na kiwango kinashuka mbele ya macho ya wote wawili. Anaongeza.

Gunia la mchele au maharage lina adui mmoja, naye ni wadudu. Ukinunua miezi mitano mbele na wakaingia mwezi wa pili, faida yote inakwenda na maji. Tunatumia mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje. Unakunja na kufunga kila mfuko peke yake, hewa haiingii, wadudu waliomo wanakosa oksijeni na kufa. Hakuna dawa inayowekwa. Nilinunua mfuko kwa elfu tano na naurudia kila msimu mradi panya hajautoboa. Sharti ni usifungue kila siku. Ndiyo maana naweka mchele wa wiki mbili kwenye ndoo yenye mfuniko, na mfuko mkubwa nafungua nikija kujaza ndoo tu.

Feri, soko la samaki, ni habari nyingine, na mimi napapenda kuliko masoko yote ya mji huu. Kutoka Magomeni unapanda mwendokasi hadi Kivukoni, unashuka karibu kabisa na soko. Nenda alfajiri. Samaki wanauzwa kwa mnada: dalali anataja bei, wachuuzi wanapanda, na anayetaja ya mwisho ndiye mwenye mali. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kupanda dau, lakini ukisimama kwa wasiwasi wachuuzi watakupita kabla hujafumbua mdomo. Tazama kwanza minada kadhaa bila kusema neno, uone ndoo ya vibua imetua bei gani asubuhi hiyo, halafu ndipo uingie. Sisi tunachukua ndoo nzima ya vibua na kugawana. Anayenisaidia mara kwa mara ni kijana wa kupara samaki, ambaye kwa ujira mdogo anamaliza ndoo yote huku nikitafuta barafu.

Kitu ambacho wanunuzi wengi hawakijui ni kwamba bei ya Feri inafuata mwezi, na nina maana ya mwezi wa angani. Vibua na dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Siku za giza taa huwavuta samaki vizuri, mashua zinarudi zimejaa, na bei inashuka. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazina kazi, wavuvi wengi hupumzika, na ndoo ile ile inapanda bei. Ongeza pepo: kipindi cha kusi bahari huchafuka na samaki hupungua, kaskazi bahari ikitulia neema inarudi. Kwa hiyo kabla ya kupanga safari ya Feri ninatoka nje usiku kutazama anga. Bibi yangu wa Bagamoyo alikuwa akifanya hivyo kwa kawaida tu, na sasa naelewa sababu.

Nani asifanye hivi? Asiye na jokofu asichukue ndoo ya samaki. Anayeishi chumba kimoja na watoto hana pa kuweka magunia. Na anayepata kipato cha siku hawezi kutoa laki mbili kwa mkupuo, jambo ambalo naliona kila siku kwa majirani zangu wawili, mama lishe na dereva wa bodaboda. Kwao dawa imekuwa mchezo, yaani kuchangiana kwa zamu. Kila wiki kila kaya inampelekea kijumbe wetu, anayekusanya michango, kiasi tulichokubaliana, taslimu mkononi, tukikwepa makato ya kutuma na kutoa kwa simu. Zamu ya mtu ikifika hapewi pesa, anapewa gunia. Tulikubaliana hivyo makusudi, kwa sababu pesa ikifika nyumbani hukuta shida nyingine imeshakaa mlangoni. Kijumbe anaandika kila kitu kwenye daftari, bei tuliyonunulia na nauli ya mzigo, na yeyote anaweza kulifungua. Bila daftari hilo nisingependekeza mtu achange na majirani, hata kama mnapendana vipi.

Duka la Mangi, muuza duka wa mtaani kwetu, sijaliacha, na sioni sababu ya kumsema vibaya. Yeye naye ananunua kwa jumla, analipa pango, anafungua usiku nisipoweza kwenda popote, na mwezi ukigoma ananiandika kwenye deni. Mkate, mayai, kiberiti, maziwa ya mtoto, vyote nachukua kwake.

Kilichonishinda kununua kwa njia hii ni nyanya. Tenga moja la nyanya kwenye soko la Mabibo ni rahisi sana ukigawa kwa kilo, lakini kwa joto la Dar, hata mkigawana kaya tano, sehemu ya chini inaanza kuoza kabla hamjafika nusu, na zile zilizobonyea njiani hazifiki hata siku ya tatu. Labda ukiwa na shughuli nyumbani, ambapo tenga zima linaisha kwa siku moja. Mimi nyanya na mchicha naendelea kuchukua fungu kwa mama wa genge hapo kona, jioni anapokaribia kufunga, saa ambayo nyongeza yake huwa kubwa.