Programu ya ratiba iliyoamua kwamba Dodoma nasi tunarudisha saa nyuma

Naipa nyota mbili. Ningeipa nne kama mwaka ungekuwa unaishia Oktoba, maana tangu nijiunge katikati ya mwaka haikunisumbua hata kidogo. Mwanafunzi anachagua kipindi, analipa, kiungo cha video kinakuja chenyewe, mimi nafungua kompyuta nafundisha. Nafundisha Kiswahili kwa wageni, wengi wako Ujerumani, mimi niko hapa Ipagala. Jina la programu silitaji. Nimeshalipia, na sitaki wanifungie akaunti ikiwa na vipindi vya watu ndani.

Sasa ikaja ile Jumapili ya mwisho ya Oktoba ambayo Ulaya wanarudisha saa nyuma. Jambo hilo si geni kwangu. Kwao kukiwa majira ya joto tunawatangulia Wajerumani kwa saa moja, baridi ikianza tunawatangulia kwa saa mbili. Mwanafunzi wangu wa Hamburg anasoma saa kumi na mbili jioni ya kwao, kwa hiyo kwangu ilikuwa saa moja usiku, na baada ya Jumapili ile ilitakiwa iwe saa mbili. Tulishakubaliana. Hesabu ya darasa la tatu.

Katikati ya wiki nafungua simu, nakuta Hamburg, saa moja usiku. Chini yake kwa maandishi madogo, bila aibu, GMT+3, yaani saa yetu ya huku, tatu mbele ya ile ya Greenwich. Barua pepe ya programu hiyohiyo, iliyoingia mchana wa siku hiyohiyo, inasema saa mbili. Niliiamini barua pepe, na ndiyo iliyokuwa sahihi. Tatizo ni kwamba simu ilishaiambia kalenda yangu kuwa saa moja imejaa na saa mbili iko wazi, na saa mbili hiyo ikachukuliwa na Mjapani mmoja anayeishi Kisasa, mtu ambaye saa yake haijahama popote. Saa mbili kamili nawasha kamera, wameingia wote wawili. Mmoja anataka ngeli, mwenzake anataka namna ya kupatana bei Majengo sokoni. Kabla sijafungua mdomo, programu ikawatumia wote ujumbe wa kuwaomba radhi: mwalimu wenu amepanga vipindi viwili kwa wakati mmoja. Mwalimu! Mimi!

Hata hapo ningesamehe, mitambo inakosea. Kilichonichefua ni huduma kwa wateja.

Kwanza akaja roboti, halafu mtu. Nikampa picha mbili za skrini, ya simu na ya barua pepe. Akanijibu kwamba hakuna hitilafu, eneo langu limerudisha saa nyuma Jumapili na simu imejirekebisha inavyotakiwa. Nikamwambia Tanzania haibadili saa. Akaniuliza kama nina uhakika. Ndugu yangu, nimezaliwa Kondoa, nimesoma hapa, nimeolewa hapa, sijawahi kuamka asubuhi nikaambiwa saa imehama, halafu unaniuliza uhakika? Akaendelea, kwa ule upole unaoudhi kuliko tusi, kwamba mabadiliko ya saa hutangazwa na Serikali, huenda tangazo halijanifikia, hivyo niwasiliane na mamlaka husika za nchi yangu.

Mamlaka husika. Anamwambia hivyo mtu wa Dodoma! Bunge napita mbele yake kila nikienda mjini, na Mtumba, kwenye mji wenyewe wa Serikali, ni nauli ya daladala tu. Nipande niende nikagonge mlango wa wizara gani, niseme nimetumwa na mtu wa kalenda niulize kama kuna tangazo la saa wamelificha? Na tusogeze saa tuokoe nini? Huku mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni tofauti yake haifiki hata saa nzima. Hao wenyewe Bunge la Ulaya lilipiga kura 2019 mchezo huu ukome 2021, na mpaka leo wanaendelea nao.

Aliyenisaidia ni kijana wa jirani anayesoma kompyuta UDOM. Alichezea simu kidogo akacheka. Anasema programu ya simu haikuangalia niko wapi, ilichukua ile tatu ya GMT+3 tu, ikatafuta mji wowote wenye tatu. Nilijiunga wakati Ugiriki nao wako kwenye tatu, ikanihesabu mtu wa Athens. Oktoba Athens wakashuka mpaka mbili, nami nikashushwa nao, ila lile andishi la GMT+3 likaachwa palepale. Akazima kipengele cha kutambua mahali kiotomatiki, akachagua Nairobi kwa mkono. Dodoma haimo kwenye orodha, hata Dar haimo. Hilo sina ugomvi nalo, saa yetu na ya Wakenya ni moja. Mara moja ratiba ikanyooka, Hamburg ikasoma saa mbili, nikasema basi, tatu inazistahili.

Tatu hizo zilidumu mpaka programu ilipojisasisha yenyewe usiku. Asubuhi kipengele kimewashwa tena, niko Athens. Wiki hiyohiyo Wamarekani nao wakarudisha saa, Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kipindi cha Chicago kikasogea upande wake. Kwa hiyo andikeni nyota moja, ingawa mkiniuliza Mei nitawaambia haina tatizo. Makato ya kila mwezi tu ndiyo hayajawahi kukosea saa.

Ukiamua kuitumia, chagua Nairobi kwa mkono, kwenye simu na kwenye kompyuta, na urudi kuangalia kila inapojisasisha. Mimi naiogopa Machi. Wamarekani wanatangulia Jumapili ya pili, Ulaya wanafuata Jumapili ya mwisho, na hapo katikati nina Chicago na Hamburg kwenye kalenda moja. Wa Hamburg nimeshamhamishia WhatsApp. Wa Chicago akikubali, naye namtoa.