Kuku wa kukaanga Kisumu na Nakuru: nani apewe pesa zako kwanza

Kuku ni yule yule. Mkahawa wenye bango jekundu ndani ya jengo la biashara na kibanda cha Kondele kule Kisumu, karibu wote wanakaanga kuku wa gredi, broila wa wiki tano au sita. Tofauti ya bei inatokana na mafuta, viungo, mashine na kodi ya jengo. Kwa hivyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: ukitoa pesa zako Kisumu au Nakuru, ni nani anayekupa kitu ambacho jirani yake hawezi kukupa?

1. KFC, lakini uchukue ndoo ya kuku

Usichanganyikiwe na menyu. Kuna Streetwise, vipande viwili na chipsi kwa mtu wa haraka. Kuna Zinger, baga ya kidari chenye pilipili, kuna Twister ya kukunjwa kwenye chapati nyembamba, kuna vipapatio vya moto. Vyote hivyo hoteli yoyote yenye mpishi mwenye bidii inaweza kuviigiza ikakaribia. Kisichoigizika kirahisi ni kile kipande cha kawaida chenye mfupa, na sababu yake imetoka mbali.

Harland Sanders, mwanzilishi wa KFC, alizaliwa mwaka 1890 huko Indiana, Marekani. Mwaka 1930 alikuwa na kituo cha mafuta Corbin, jimbo la Kentucky, akawa anawapikia madereva waliosimama pale. Kuku wa kikaango alichukua karibu nusu saa kuiva, na dereva wa masafa hana nusu saa ya kukodolea jiko macho. Mwaka 1939 akaanza kukaangia kwenye sufuria ya presha, chombo ambacho wengine walikitumia kuchemshia mboga. Presha ikipanda, maji yaliyo ndani ya nyama hayageuki mvuke upesi, kwa hiyo kuku anaiva kwa dakika chache na nyama inabaki na majimaji yake. Wengi husifia vile viungo 11 vya siri. Mimi naisifia zaidi sufuria, maana viungo hata mama wa kibanda anavyo.

Ule ukanali wa jina lake, Kanali Sanders, kwa njia, si wa vitani. Ni heshima aliyopewa na gavana wa Kentucky. Barabara kuu mpya ilipopangwa kupita mbali na Corbin, alilazimika kuuza mkahawa wake mwaka 1956, akiwa na umri ambao wengi hupumzika, akazunguka mji hadi mji na sufuria zake akiwauzia wenye mikahawa haki ya kupika kuku wake kwa malipo ya senti chache kwa kila kuku. Wa kwanza kukubali alikuwa Pete Harman wa Salt Lake City, tangu 1952, na ni kwake Harman ndoo ilikoanzia mwaka 1957: vipande 14, mikate midogo mitano na mchuzi. Sanders aliiuza kampuni mwaka 1964 kwa dola milioni 2. Leo jina ni la Yum! Brands. Kenya lilifika mwaka 2011, Nairobi kwanza, kisha likateremka Nakuru, Kisumu na Eldoret.

Kwa nini ndoo basi? Kwa sababu ukinunua mlo wa mtu mmoja, sehemu ya pesa yako inaenda kwa chipsi na soda, vitu ambavyo mtaani vipo tele. Ndoo ni kuku. Kuku wao mmoja hukatwa vipande tisa: miguu miwili, mapaja mawili, vipapatio viwili na kidari kilichogawanywa mara tatu. Gawanya bei ya ubaoni kwa idadi ya vipande kabla ya kutoa simu ulipe kwa M-Pesa, na uulize ni mchanganyiko gani unaowekewa, kwa sababu ndoo iliyojaa vipapatio si sawa na ndoo yenye mapaja. Firigisi hutaipata. Baba wa Kiluhya aliyezoea kutengewa yake aandaliwe mapema kisaikolojia.

Na hizo chipsi zina kisa chake. Januari 2022 KFC Kenya iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje na meli zikachelewa. Wakenya waliwaka, na mtu wa Nakuru alikuwa na haki ya kuwaka kuliko wote, maana malori ya viazi vya Molo na Mau Narok yanampita kila siku. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake ni lazima waidhinishwe kimataifa kwanza, kisha ikaahidi kuwatafuta wakulima wa hapa nchini. Kwangu somo la mnunuzi ni dogo: leta ndoo nyumbani, kaanga viazi vyako vya shangi mwenyewe.

2. Kibanda cha chipsi kuku, kikipita mtihani

Kwa mtu mmoja mwenye njaa siku ya kazi, hapa ndipo nambari moja, na ningempa nafasi ya kwanza kabisa kama vibanda vyote vingekuwa sawa. Havilingani hata kidogo.

Tazama mafuta kabla ya kumtazama kuku. Yakiwa meusi na yanatoa povu lisilotulia, au moshi unakuchoma macho ukiwa bado barabarani, endelea kutembea. Kisha tazama lile kabati la kioo lenye balbu. Ile balbu haipiki, inampa kuku joto la kukudanganya tu, na kuku aliyekaa pale tangu mchana anazidi kukauka nje huku ndani amepoa. Nenda wakati watu wanatoka kazini, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, wakati kuku hana nafasi ya kukaa. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Boss, nikaangie yangu sasa hivi, nitangoja." Akikunja uso, jirani yake yuko hatua tano.

Wekundu karibu na mfupa peke yake usikutishe, broila ni mchanga na uboho hupaka nyama rangi. Bonyeza paja. Majimaji yakitoka meupe, kula. Yakitoka na damu, rudisha kwenye mafuta.

Nakuru inashinda kwa chipsi, hilo halina ubishi. Kisumu inashinda kwa pilipili na kachumbari, na kwa kukuruhusu kuchukua ugali badala ya chipsi bila kuulizwa maswali.

3. Chicken Inn

Hii ni ya Waafrika wenzetu: ilianza Harare, Zimbabwe, mwaka 1987, na sasa iko chini ya Simbisa Brands. Faida yake kubwa haiko kwenye kuku. Mara nyingi hukaa chini ya paa moja na Pizza Inn na Creamy Inn, kwa hivyo familia isiyokubaliana inaweza kula meza moja: shosho na kuku, vijana na piza, mdogo na aiskrimu. Mkiwa wengi na mna watoto, ihesabu ya kwanza.

4. Kenchic Inn

Ukiikuta karibu nawe, ni chaguo la wastani la kuaminika. Kenchic ni kampuni ya Kenya ya kuku iliyoanza mwaka 1984, na ndiyo inayoiuzia KFC kuku pia. Sina mengi ya kuongeza.

Kienyeji sijampanga

Si kwa dharau. Kuku wa kienyeji aliyekimbia miezi sita kule Vihiga au Siaya ukimtumbukiza mbichi kwenye mafuta utatafuna hadi kesho. Achemshwe kwanza hadi alainike, ndipo aguse mafuta, na ule mchuzi wa kwanza usimwagwe. Huyo ni wa Jumapili na wageni, na bei yake ni ya kupatana sokoni Kibuye, si ya ubaoni. Na ukiwa Kisumu na ziwa liko pale, ukinunua kuku badala ya ngege wa kukaanga, sharti uwe na sababu.

Ukiletewa na boda, fungua kifuniko kidogo mara tu mzigo unapofika, mvuke utoke. Ngozi hulegea ndani ya boksi lililofungwa. Kilichobaki kiweke kwenye friji, na kesho yake ukipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, bila tone la mafuta. Yaliyomo kwenye ngozi yanatosha.