CT scan ya mfupa wa sikio kabla ya upasuaji: uzoefu wangu

Sikio langu la kushoto limekuwa likitoa usaha wenye harufu tangu nikiwa shule ya msingi. Dawa ya matone inalituliza, kisha linaanza upya. Mwaka huu daktari wa masikio, pua na koo hapa Dar es Salaam alilichungulia kwa darubini, akaona kifuko chenye magamba meupe sehemu ya juu ya ngoma ya sikio. Akaniambia ni kolesteatoma. Si saratani, ni ngozi iliyoota mahali isipotakiwa, ila inakula mfupa taratibu na hakuna dawa ya kuiondoa zaidi ya upasuaji. Kabla ya kunipangia tarehe alitaka CT scan, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kama vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine.

Kituo cha kwanza nilichokwenda sitakitaja. Fomu iliandikwa wazi "mfupa wa sikio, pande zote mbili", wao wakapiga kichwa kizima kwa vipande vya milimita 5. Daktari alizitazama picha akazirudisha kwenye bahasha. Kikuku, kile kimfupa cha ndani kabisa, hakifiki hata milimita 4, sasa utakionaje kwa vipande vinene hivyo? Iliniuma sana. Fedha imekwenda na mionzi nimeshapigwa.

Mara ya pili nilikwenda kitengo cha radiolojia cha hospitali moja kubwa, na huko kazi ilifanywa inavyopaswa. Mpiga picha alisoma fomu yote, akaniuliza kama nina ujauzito, akanivulisha hereni na vibanio vya nywele. Sindano hakuna kwa kipimo hiki. Unalala chali, kichwa kinafungwa mkanda, unatulia bila kumeza mate mashine ikizunguka, na dakika chache tu umemaliza. Vipande vilikuwa vya nusu milimita. Sikio la kulia, lisilo na ugonjwa, nalo lilipigwa ili liwe la kulinganishia.

Lakini thamani ya kipimo niliiona siku daktari alipofungua CD kwenye kompyuta na kunionyesha picha moja baada ya nyingine. Fuawe, kimfupa kinachopeleka sauti kwenye kikuku, imeliwa karibu nusu, ndiyo maana upande ule nasikia kwa shida. Ukingo wa mfupa juu ya ngoma, ambao upande wa kulia una ncha kali, kushoto umekuwa butu. Kisha akasimama kwenye mfereji mmoja wa sikio la ndani unaosaidia mwili kuwa na mizani: mfupa unaoufunika umebaki mwembamba kama utando. Nimekuwa nikibonyeza sikio na chumba kinazunguka, na kwa miaka yote hiyo nikiambiwa ni presha! Alisema ngozi iliyolala juu ya mfereji huo ataigusa mwisho kabisa wa upasuaji, kwa tahadhari, ili nisipoteze usikivu uliobaki. Dari inayotenga sikio na ubongo iko salama, na njia ya mshipa wa fahamu wa uso pia. Hofu ya uso kupooza ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi.

Nilimuuliza kama CT pekee inathibitisha ugonjwa. Hapana, alisema. CT ni bingwa wa mfupa, ila ute, usaha na ile ngozi vyote hutoka rangi moja ya kijivu. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ya aina maalumu ndiyo inayovitofautisha, na kwangu ataitumia baadaye kutafuta mabaki bila kulifungua sikio tena.

Ripoti ya maandishi ndiyo iliyoniangusha. Ilichelewa, na ilipokuja haikusema neno kuhusu mfereji wa mizani mpaka daktari alipopiga simu ikaandikwa upya. Kwa hiyo ukienda, kabla ya kulipa uliza unene wa vipande, na usiondoke bila CD yenye picha zote, maana filamu wanayochapisha hubeba chache tu. Mpe daktari atakayekupasua aziangalie kwa macho yake.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata ripoti zao zikifikia ubora wa picha zao.