Drili ya betri ya "volti 48": miezi kumi na moja mkononi mwangu

Kazi yangu ni mapazia. Nashona, napeleka, na mteja akitaka nafunga mwenyewe. Zamani nilikuwa naongozana na fundi, namlipa kwa dirisha, na siku asipotokea matusi yananiangukia mimi. Mwaka jana nikasema basi, nanunua drili.

Ya waya sikuitaka. Mteja anayefungiwa mapazia mara nyingi ndiyo kwanza kahamia: umeme haujavutwa, au upo ila Luku imekata na mwenye nyumba yuko kazini.

Kariakoo muuzaji akaniwekea mbili mezani. Moja imeandikwa 48V ubavuni kwa maandishi ya dhahabu, nyingine 20V, bei yake zaidi ya mara mbili. "Dada, arobaini na nane na ishirini, piga hesabu mwenyewe." Nikapiga, nikatoa laki moja na kumi, nikaondoka na ile ya dhahabu, betri mbili na sanduku lake.

Usiku naichaji ndipo nikasoma maandishi madogo ya chaja: inatoa volti 21. Sasa betri ya 48 unaijazaje kwa 21? Kijana anayetengeneza simu mtaani kwetu akaifungua mbele yangu. Seli 5, yaani vibetri vidogo vya ndani, zimeungwa kwa kufuatana, volti zake zinajumlishwa. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, kwa hiyo tano ni 21 kamili. Na drili za "20V" na za "18V" nazo huwa na seli tano tano; ni namna tu ya kuandika. Kwa hiyo ukienda dukani omba uone chaja, halafu uliza betri ina Ah ngapi, yaani inabeba chaji kiasi gani. Zangu ni 1.5, na ndiyo maana nilikuwa natembea na zote mbili.

Kwenye mbao sina neno nayo. Kwenye tofali pia, biti ya milimita 6 inazama huku nikipiga soga. Tatizo letu watu wa mapazia ni kwamba bomba la pazia hukaa juu ya dirisha, na juu ya dirisha ndipo ilipo linta. Zege! Hapo kadrili haka kananguruma, kanatoa unga mweupe wa plasta, kisha kanagota. Mwanzoni nilikuwa nakakandamiza kwa uzito wangu wote, nikaunguza biti mbili, ncha zikawa za bluu.

Siku hizi naanza bila nyundo, yaani ule mpigo wa drili yenyewe, taratibu, mpaka biti ipate kitako isiteleze. Ndipo nageuza pete kwenye alama ya nyundo, naweka spidi namba 2, nasukuma kwa kiasi, na kila baada ya muda naichomoa itoe vumbi. Biti ikilia chuma na haiendi, hiyo ni nondo; sogea, usibishane nayo. Chini ya tundu nabandika bahasha wazi kwa selotepu inase vumbi, maana kuna mteja mmoja Tabata alinifagilisha sebule nzima.

Wakati wa skrubu, spidi namba 1, na ile pete ya tarakimu naishusha mpaka 5 au 6. Ikifika mwisho inakwaruza "krrr" na kuacha kuzungusha. Kabla sijaijua nilikata vichwa vya skrubu kama njugu, na kishikio kimoja cha shaba nikakipinda, nikakilipa.

Betri moja imekufa mwezi wa nane. Nilirudi dukani, nikaambiwa waranti ni ya mashine, betri haimo. Risiti ninayo, haisemi hivyo, lakini nani wa kugombana naye Jumamosi katikati ya ule umati?

Kwa mtu wa kabati na vitanda, inunueni. Mimi kwenye nyumba za ghorofa, ambako ukuta wote ni zege, bado naazima drili kubwa ya waya kwa jirani yangu fundi bomba, na narefusha waya kutoka kwa mlinzi getini.