Waya wa Picha wa Kununua: Kuanzia Bora Hadi wa Mwisho

Kabla hujatoa pesa, jua picha yako inahitaji kasi gani. Skrini ya 1920 × 1080 kwa herzi 60 (yaani picha 60 kwa sekunde) haisumbui. Waya wowote wa HDMI, ule wa kawaida wa runinga, ulio mzima unatosha. Picha ya 4K (3840 × 2160) kwa herzi 60 inataka HDMI ya gigabiti 18 kwa sekunde. 4K kwa herzi 120 inavuka hapo, kwa hiyo chukua wa gigabiti 48. Namba kama 2.0 au 2.1 ni za vifaa, si za waya, basi usiuziwe waya kwa namba. Tafuta maandishi "Ultra High Speed" na lebo yenye msimbo wa QR wa kuhakiki.

Kwa runinga, huo ndio wa kwanza. Urefu ndio adui: waya wa shaba wa gigabiti 48 ununue usiozidi mita 3. Waya ukizidiwa, utaona vitone vyeupe vikimetameta, au skrini itakuwa nyeusi kwa sekunde chache kisha irudi. Rangi hazififii polepole kama ilivyokuwa kwa VGA, waya wa zamani wa analojia, kwa hiyo waya wa bei kubwa "unaong'arisha picha" ni pesa ya bure. Masafa yakiwa marefu, nunua wa nyuzi za mwanga, na uangalie alama kwenye vichwa: upande mmoja ni wa chanzo (kifaa kinachotoa picha), mwingine wa skrini. Ukiugeuza, hupati picha.

Kwa kompyuta na monita, DisplayPort, aina nyingine ya waya na tundu la picha, ndiyo bora. Toleo la 1.4 hufikia gigabiti 32.4 kwa sekunde. Epuka waya uliounganisha pini ya 20 pande zote mbili. Pini hiyo ina umeme wa volti 3.3, na monita inaweza kuusukuma hadi ndani ya kompyuta, ikagoma kuwaka.

USB-C inafuata. Ni nzuri sana kwa laptopu, picha na chaji kwa waya mmoja, lakini nyaya nyingi za kuchajia simu hazina njia za kupitisha picha, na tundu lenyewe lazima liwe na uwezo huo.

DVI, aina ya zamani ya waya wa monita, ikiwa ya njia moja (single link) inaishia 1920 × 1200 kwa herzi 60. VGA iwe ya mwisho kabisa.

Adapta rahisi ya DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi kinyume. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort, nunua yenye saketi ya kubadilisha mawimbi, ambayo kwa kawaida huhitaji umeme wa USB.