Kuomba shahada ya meno nikiwa Maji ya Chai: uzoefu wangu, na namba ya simu isiyo yangu

Nianze na nyota, maana najua wengi mtaishia hapo. Mfumo wa maombi wa chuo naupa nyota nne kati ya tano. Steshenari iliyonijazia fomu naipa moja na nusu. Mimi mwenyewe najipa mbili, kwa sababu nilikaa na mwongozo wa udahili kwenye simu miezi minne bila kuufungua, huku nikiwauliza watu maswali ambayo majibu yake nilikuwa natembea nayo mfukoni.

Mimi ni tabibu wa meno. Nina stashahada, na huu ni mwaka wa saba nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Usa River. Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, mkoani Arusha, na aliyewahi kuishi huku anajua maana yake: meno yangu ya mbele yana mabaka ya kahawia. Nikienda Dar watu huniuliza kama navuta sigara. Sijawahi hata siku moja. Ni maji. Ardhi ya kuuzunguka Mlima Meru ni ya volkano, na maji ya sehemu nyingi huku yana floraidi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita inayowekwa na Shirika la Afya Duniani kama ukomo. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya taya, yanakuja kuota yakiwa tayari na madoa. Ongeza magadi ya kulainishia makande, nayo yana floraidi yake. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji kinachofanya utafiti wa kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, ila mimi nilipokuwa mdogo mama alichota mtoni kama majirani wote.

Sasa fikiria mwenye meno haya ndiye anayekusafisha ya kwako. "Dokta, sugua mpaka yawe meupe," wananiambia. Nawajibu kwamba ugaga nitautoa, madoa ya chai na sigara nitayatoa, lakini hii rangi imo ndani ya jino lenyewe. Wanayatazama ya kwangu, wananyamaza. Kuyafunika na kuyarekebisha meno ya namna hiyo ni kazi iliyo juu ya cheti changu, kwa hiyo nawaandikia rufaa. Wengi hawaendi, maana nauli ni ugali wa siku tatu. Ndipo nikaanza kuwaza shahada.

Kwanza nilipotea njia kidogo. Nilitafuta mtandaoni kozi ya usafi wa kinywa na meno nikakutana na vyuo vya Marekani. Kule ni taaluma inayojitegemea: daktari mmoja wa Bridgeport, Alfred Fones, alifungua shule ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1913, na wahitimu wake walipelekwa shuleni kusafisha meno ya watoto na kuwafundisha kupiga mswaki. Kwetu hakuna mtu wa kusafisha tu. Tabibu wa meno anasafisha, anaziba, anang'oa, na bado anagombana na bibi aliyemng'oa mjukuu "meno ya plastiki", yaani vijino vya mtoto mchanga ambavyo havijaota na watu wanadai vinaleta homa, kwa spoku ya baiskeli. Wakala mmoja mjini akaniambia Marekani inawezekana, nilete dola 300 za kufungua faili. Nikamuuliza faili lina nini ndani. Akasema litakuwa na jina langu. Nikamshukuru nikapanda kifodi.

Nikarudi kwenye kitu ninachokiweza: udaktari wa meno hapahapa nchini. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wanautoa kwa miaka mitano, na baada ya hapo unakwenda mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Hapa niseme jambo ambalo wenzangu wenye stashahada wengi hatulizingatii. Miongozo ya udahili ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni miwili: mmoja wa waliomaliza kidato cha sita, mwingine wa wenye stashahada. Mimi nilikuwa nasoma wa kidato cha sita, wa mambo ya Fizikia, Kemia na Biolojia na pointi zake, nikawa naumia kichwa bure. Wa kwetu nao ulikuwa kwenye simu muda wote, sijaufungua. Nilipoufungua na kuusoma kwa kweli, nikakuta mstari ulionikalisha chini. GPA yangu, yaani wastani wa alama za stashahada, ilitosha kuvuka kiwango, japo si ya kujivunia. Tatizo lilikuwa kidato cha nne: wanataka angalau D ya Kemia, Biolojia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati.

Hisabati nilipata F.

Nilipoingia stashahada F hiyo haikunizuia. Pale walitaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vilikuwa nyongeza ya kukupa nafasi nzuri zaidi. Miaka yote hiyo nikadhani nimeizika. Kumbe ilikuwa inanisubiri mbele ya safari. Ilinibidi nijiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea mwanzoni mwa mwaka uliofuata, nifanye mtihani Novemba, nisubiri matokeo Januari. Nikiwa na miaka 30 nilikaa chumba kimoja na vijana wa miaka kumi na tisa, mmoja wao niliwahi kumng'oa gego. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mtoto wa dada yangu, kidato cha tatu, malipo yake chipsi kila Jumapili. Alikuwa mkali kuliko walimu wote walionifundisha. "Mama mdogo, logi hazikung'ati," ananiambia. Nilipata D, ile ya alama 30 mpaka 44, na nikaishangilia kuliko wengine wanavyoshangilia A.

Kwenye fomu unaingiza namba zote mbili za mtihani, ile ya shule inayoanza na S na hii ya kujitegemea inayoanza na P. Mfumo unavuta matokeo wenyewe kutoka NECTA, Baraza la Mitihani, unayaona yamepangwa mbele yako. Sehemu hii ni nzuri sana, sikutegemea. Hakuna kuskani cheti, hakuna mhuri.

Ugumu ulikuwa AVN. Kama una stashahada, chuo kikuu hakiangalii karatasi yako. Kinataka namba ya uhakiki wa tuzo inayotoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini. Unaiomba mtandaoni, unalipia, wanalinganisha na matokeo yaliyopelekwa na chuo ulichosoma. Yangu haikutoka. Nilipofuatilia, ikaonekana chuo nilichosoma (sitakitaja, karani wake wa sasa alinisaidia sana) kilipeleka jina langu la kati likiwa limepungua herufi moja. Moja! Nikaenda kwa wakili kula kiapo cha majina, nikatuma, nikapiga simu, nikapiga tena. Wiki tatu na ushee. Kama una stashahada na unawaza kuomba siku yoyote ile, AVN iombe leo hata kama dirisha la maombi halijafunguliwa. Utakuwa umejua mapema kama jina lako liko salama.

Dirisha lilipofunguliwa Julai, nilikuwa na kila kitu, na hapo ndipo nikafanya ujinga. Tangu 2017 maombi ya shahada yanakwenda moja kwa moja kwenye chuo, kila chuo na mfumo wake, na nilitaka kuomba viwili: udaktari wa meno, halafu shahada ya afya ya jamii kwenye chuo kingine, kama akiba. Simu yangu ina ufa katikati ya kioo. Nikaogopa kubofya kitu kisichobofyika tena. Nikaenda steshenari moja mjini, ambayo kipindi hicho foleni yake inafika barazani. Kijana wa pale, chalii mwepesi kweli, vidole vinakimbia kama cherehani. Shilingi 10,000 kwa chuo kimoja. Akafika kwenye namba ya simu na barua pepe, akaandika za kwake.

"Naweka za ofisi, dada, nisikusumbue kila namba ya siri ikija."

Nikaona ni ukarimu. Nikalipia ada kwa simu kwa ile namba ya malipo iliyotoka, nikaondoka nimefurahi, nikanunua na parachichi.

Niusifu mfumo kidogo kabla sijafika kwenye balaa. Kurasa zilifunguka, malipo yalisoma ndani ya dakika chache, na ungeweza kurudi kubadilisha machaguo kabla dirisha halijafungwa. Nimeupunguzia nyota moja kwa jambo ambalo huenda si kosa la mfumo. Hakuna mahali unapoulizwa lolote kuhusu kazi. Vyuo vile vya Marekani nilivyoviona vingi vinataka insha, vingine saa ulizokaa kliniki ukitazama wenzako wanavyofanya kazi. Mimi nina miaka saba, sijui meno mangapi yamepita kwenye koleo langu, na fomu haikuwa na hata kisanduku kidogo cha kuliandika hilo. Mtu wa GPA sawa na yangu aliyemaliza juzi na hajawahi kumshika mtoto anayelia kwenye kiti tunapimwa kwenye mzani mmoja. Najua kusoma insha za maelfu ya watu ni kazi, na insha zenyewe zingeandikwa steshenari. Bado imeniuma.

Basi. Majina ya awamu ya kwanza yakatoka, nikajikuta nimechaguliwa vyuo vyote viwili. Nilipiga kelele mpaka nesi akaja mbio akidhani mgonjwa ameanguka. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyoandika wakati wa kuomba. Siku za kuthibitisha ni chache. Nikasubiri ujumbe, haukuja, halafu nikakumbuka vidole vya yule chalii.

Nampigia namba ya ofisi, haipatikani. Nikaomba ruhusa, nikapanda kifodi siku ya Jumamosi, tukakwama Tengeru kwa sababu ya soko, ndizi zimejaa mpaka barabarani. Nafika mjini, steshenari imefungwa. Mama ntilie wa jirani akaniambia kijana amekwenda Babati kumzika bibi yake. Simu ya ofisi? Iko ndani ya droo. Droo imefungwa. Imezimwa kuokoa chaji.

Mama yule alikuwa na namba ya chalii ya binafsi, na alikuwa na ufunguo wa mlango, maana ndani anahifadhi masufuria yake. Tukampigia Babati. Nikampa pole kwanza, sikuwa na namna, huku moyo unadunda. Akatuelekeza ufunguo wa droo uko chini ya kopo la rangi za kuchapishia. Tukaichaji simu dakika kumi, tukaiwasha, akatutajia namba ya kufungulia.

Ujumbe ukaanza kumiminika. Haukuwa wangu peke yangu. Nilihesabu namba za siri za watu 17, zimerundikana kwenye kisimu kimoja chenye mpira kiunoni. Watu 17 waliokuwa wamekaa majumbani, Sakina, Ngaramtoni, Monduli, wakisubiri simu zao ziite. Yangu nikaitumia palepale nikathibitisha. Kisha hatukuweza kuondoka. Mama ntilie akafungua daftari la wateja, chalii kwenye spika anatueleza mwandiko wake, sisi tunapiga. Mmoja alikuwa shambani hakuamini, akadhani ni matapeli, akakata. Tukapiga tena mara tatu. Chapati za mama ziliungua siku ile, sikumsikia akilalamika.

Kuhusu mkopo sina mengi, maana bado nangoja. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, kwenye wakala wa usajili wa vizazi na vifo, nilifanya mapema na haukunipa shida, na fomu ya Bodi ya Mikopo niliijaza mwenyewe, kwa simu yangu yenye ufa, nikitumia barua pepe yangu. Ilinichukua jioni mbili. Sikubofya kitu kibaya.

Steshenari ile nimeiongezea nusu nyota kwa ajili ya simu ya Babati, maana mtu aliye msibani angeweza kutotupokea. Ameshabadilisha utaratibu; sasa mteja asiye na barua pepe anatengenezewa ya kwake hapohapo, bure. Kwenye akaunti yangu ya chuo nilibadilisha namba ya simu, lakini barua pepe bado ni ya ofisi yake, kwa hiyo kila tangazo linaanzia kwake. Jana usiku ameniletea kwenye WhatsApp orodha ya vitu vya kwenda navyo, na chini yake ameandika: "Dokta, wanasema koti jeupe mawili. Na mimi jino la nyuma linaniuma, unaondoka lini?"